Utelezi Ulio Ndani ya Dumu

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekigusa kwa kidole chake, na pengine kwa ulimi wake, lakini ni wachache waliowahi kujiuliza ni kitu gani. Nao ni ule utelezi unaokaa ndani ya dumu la maji lililotumika miezi mitatu au minne bila kusuguliwa. Ukipenyeza vidole kwenye mdomo wa dumu na kupapasa ukuta wake wa ndani, unakuta kitu laini, kinateleza kama sabuni iliyolowa, hakina rangi ya kutajika, na mara nyingi hakina hata harufu. Utelezi kama huo umo ndani ya simtanki lililo juu ya paa, kwenye mdomo wa bomba, kwenye jiwe la mtoni linalokuangusha unapovuka, na kwenye meno yako asubuhi kabla hujapiga mswaki.

Nimeamua kulizungumzia jambo hili kwa sababu ya swali ambalo limenijia katika barua zaidi ya moja. Msikilizaji anasema hivi: nyumbani tunatia dawa ya maji kama tulivyofundishwa na bwana afya, tunapima kwa kifuniko, tunasubiri nusu saa, na bado watoto wanaharisha. Je, dawa ile ni ya kweli au tunauziwa maji ya chumvi? Ni swali zuri, na linastahili jibu refu kuliko ndiyo au hapana. Kuharisha kuna njia nyingi: mikono, kikombe cha kuchotea, nzi, chakula kilicholala. Siwezi kukaa hapa studioni nikasema ni njia ipi iliyoingia nyumbani kwa mtu. Lakini ipo njia moja isiyotajwa sana, nayo ni huo utelezi.

Shuleni wengi wetu tulionyeshwa picha ya bakteria kama kijiti kidogo kinachoelea peke yake majini. Picha ile si ya uongo, ila ni picha ya msafiri akiwa njiani, si ya mtu akiwa kwao. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya bakteria na jamaa zao hapa duniani hawaelei hata kidogo. Wamejibandika mahali, wamejenga, wamejifunika. Kile unachokigusa ndani ya dumu ni mji wao. Wataalamu wanauita bayofilamu. Mimi nitauita utando, maana ndivyo ulivyo.

Mtu wa kwanza kuandika juu ya wakazi wa utando huu hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, aliyejisagia mwenyewe lenzi ndogo za kioo na kutazama karibu kila kilichopita mbele yake. Mwaka 1683 aliiandikia Royal Society ya London barua akieleza alichokiona katika ukoga wa meno yake: viumbe hai wengi mno, wakikimbia huku na huku. Na alikuwa mtu msafi, akisugua meno kwa chumvi kila asubuhi. Kisha alifanya jaribio lililonifurahisha sana nilipolisoma. Alisukutua kinywa kwa siki kali. Alijua kwamba siki huwaua viumbe wale, kwa kuwa alipoitia katika ukoga uliokorogwa na maji aliwaona wakifa papo hapo. Lakini alipokwangua tena meno yake baada ya kusukutua, akawakuta bado wamo, wazima. Akaamua kwamba siki imewaua wale wa nje tu, haikupenya hadi ndani ya ukoga. Jibu la swali la dawa ya maji, ndugu wasikilizaji, liliandikwa na muuza vitambaa zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Kwa nini basi likasahaulika? Nadhani ni kwa sababu ya mafanikio. Katika karne ya 19 Robert Koch wa Ujerumani na wenzake walivumbua namna ya kumtenga bakteria wa aina moja na kumlisha peke yake katika maabara. Kwa njia hiyo mwaka 1882 Koch akamtangaza bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1884 yule wa kipindupindu. Hayo ni mambo makubwa, na maabara zote zikafuata mtindo huo: aina moja, ndani ya mchuzi wenye lishe, chupa inatikiswa. Dawa nyingi tunazomeza zilijaribiwa kwa bakteria wanaoelea namna hiyo. Ni kama kutaka kuwajua watu wa Kariakoo kwa kumtazama abiria mmoja aliyesinzia ndani ya basi.

Wapo walioona upande wa pili. Mwaka 1943 Claude ZoBell, aliyekuwa akichunguza maji ya bahari huko California, alionyesha jinsi bakteria wa baharini wanavyokimbilia kujibandika kwenye ukuta wa chupa. Lakini aliyelipigia mbiu jambo hili ni Mkanada, John William Costerton wa Chuo Kikuu cha Calgary. Yeye na wenzake walikwenda kwenye vijito vya milimani, maji ya baridi yanayoonekana safi kama kioo, wakahesabu bakteria waliomo majini, kisha wakahesabu waliobandika maskani juu ya mawe. Wa kwenye mawe waliwazidi wale wa majini kwa mbali sana. Mwaka 1978 Costerton na wenzake wawili wakachapisha makala kueleza jinsi bakteria wanavyonata, na tangu hapo elimu ya utando ikaanza kukua.

Hebu sasa tufuate ujenzi wa mji huo, tukitumia dumu la lita 20 lililonunuliwa jana dukani.

Maji yanapoingia, kabla bakteria hata mmoja hajagusa ukuta, plastiki yenyewe inabadilika. Maji yoyote, hata ya bomba, yana mabaki madogo madogo ya majani, ya udongo na ya viumbe vilivyokufa. Mabaki hayo hunata kwenye plastiki upesi, yakawa kama ile rangi ya chini ambayo fundi huipaka ukutani kabla ya rangi yenyewe. Meno nayo ni hivyo hivyo. Jino lililosafishwa na daktari likang'aa hupata tabaka jembamba kutokana na mate kabla hujafika kituo cha basi.

Kisha wanafika wajenzi. Bakteria wa kawaida ana urefu wa kama elfu moja ya milimita. Wapange elfu moja katika mstari, unapata milimita moja. Kwa kiumbe mdogo hivyo maji si mepesi kama yalivyo kwetu. Kwake yeye ni kama kuogelea ndani ya asali. Wengine husukumwa tu na maji, wengine wana mkia unaozunguka kama rafadha ya meli. Anagusa ukuta, anashika kidogo, anaachia. Wengi wanaondoka, na katika hatua hii hata kusuuza kwa nguvu kunatosha kuwatoa. Lakini wapo wanaobaki, wakashikilia kwa vinyweleo vilivyo nje ya miili yao, na hapo ndipo linapotokea jambo ambalo mimi naliona ni kiini cha habari yote hii. Bakteria hugeuka kuwa kiumbe wa namna nyingine. Simaanishi kwamba ana akili. Namaanisha kwamba kule kugusa kwenyewe kunawasha mitambo fulani ndani yake na kuzima mingine. Mkia unasimama. Safari imekwisha. Anaanza kutoa ute.

Aliyewahi kupika mlenda atanielewa upesi. Majani machache tu yanatosha kuyashika maji ya sufuria nzima yakavutika, kwa sababu ndani yake mna minyororo mirefu ya sukari inayonasa maji. Ute wa bakteria ni ndugu wa mlenda. Umetengenezwa kwa minyororo ya sukari, kwa protini, na kwa kitu kilichowashangaza wataalamu kilipoonyeshwa mwaka 2002, yaani nyuzi za DNA. Nyuzi zile zile zinazobeba urithi wa kiumbe, zikishatoka nje ya mwili wake hufanya kazi ya fito za nyumba. Sehemu kubwa kabisa ya utando, zaidi ya tisa ya kumi, ni maji matupu. Ndiyo maana unateleza, na ndiyo maana unaweza kulichungulia dumu juani usione kitu.

Wakishajifunika wanazaliana kwa kugawanyika: mmoja wawili, wawili wanne. Wageni wa aina nyingine, ambao wasingeweza kushika plastiki tupu, wananaswa kwenye ute na kupata makazi. Mji unapanda. Ukiutazama kwa hadubini haufanani na rangi iliyopakwa sawasawa. Una vichuguu na minara, na katikati mna mifereji ambamo maji hupita yakileta chakula na kuondoa taka. Wakazi wa juu wanaitumia oksijeni karibu yote, kwa hiyo chini panakuwa hapana hewa, na huko wanaishi wale ambao hewa kwao ni sumu. Taka ya huyu ni mlo wa yule. Ipo mitaa ya binadamu isiyopangwa vizuri kiasi hicho.

Na wana baraza lao. Mwaka 1970 wataalamu wa Marekani waliokuwa wakichunguza bakteria wa baharini wanaotoa mwanga walieleza kwamba hawawaki wakiwa wachache. Kila mmoja hutoa kemikali kidogo majini. Wakiwa wachache, kemikali ile hupotea. Wakiwa wengi hujaa, na ikishajaa wote huwaka kwa pamoja. Baadaye jambo hili likapewa jina la akidi, kama ile ya mikutano yetu: idadi isipotimia, hakuna uamuzi. Siku hizi inajulikana kwamba bakteria wa aina nyingi hutumia akidi kuamua lini watoe ute, lini watoe sumu, na lini wahame. Yule wa kipindupindu ana ujanja wake. Akiwa mchache anajenga. Akidi ikitimia anaacha kujenga na kuondoka.

Kuhama ndiyo hatua inayotuhusu zaidi sisi wanywaji. Vipande vya utando humeguka maji yanapotikiswa au yanapomiminwa kwa nguvu, kila kipande kikiwa na bakteria wengi ndani yake. Mbali na hayo, bakteria wengine huukata ute wao wenyewe kutoka ndani, wakaota mkia upya, wakatoka kwenda kutafuta ukuta mwingine. Ukuta huo unaweza kuwa wa kikombe, na unaweza kuwa wa utumbo wa mtoto.

Turudi sasa kwenye dawa. Dawa ya maji ya kawaida ni klorini, na klorini haichagui. Inaunguza kila kitu laini chenye uhai au kilichowahi kuwa na uhai. Ikikutana na bakteria anayeelea inamwua, na kwa hao kazi yake ni nzuri mno. Sitaki mtu atoke hapa akisema redio imekataza dawa ya maji. Lakini ikikutana na utando inaanza kuunguza ute. Kila tone linalotumika juu ya ute ni tone lisilofika kwa mkazi wa chini. Shirika la Afya Duniani linataka maji yawe bado na klorini ya miligramu 0.2 kwa kila lita mahali yanapotolewa kwa mtumiaji, ili iwepo akiba ya kulinda. Katika dumu lenye utando mnene akiba hiyo huliwa na kuta zenyewe. Asubuhi maji ni maangavu, hayana harufu ya dawa, na hayana mlinzi, huku ukutani wakazi wameamka salama.

Hiyo ni sababu moja ya ukaidi wao. Nyingine ni njaa. Bakteria wa tabaka za chini hupata chakula kidogo, hivyo wanaishi polepole, karibu kama waliolala. Dawa nyingi za hospitali humwua bakteria kwa kuvuruga kazi anayoifanya, kama vile kujenga ukuta wa mwili wake anapokua. Asiyejenga utamvurugia nini? Mwaka 1944 Joseph Bigger, aliyekuwa Dublin, alieleza kwamba penisilini ikiwaua bakteria wote chupani, wachache hubaki, si kwa sababu wamezaliwa sugu bali kwa sababu wametulia. Ukiwalisha tena wanazaa watoto wanaokufa kwa penisilini ile ile. Ndani ya utando watulivu kama hao wanajificha vizuri. Wataalamu wanasema bakteria akiwa ndani ya utando anaweza kuhitaji dawa hadi mara elfu moja ya ile inayomwua akiwa anaelea. Kipimo kama hicho huwezi kumpa mgonjwa. Dawa ingemtangulia mgonjwa kabla ya bakteria.

Watafiti wa Afrika Kusini waliochunguza madumu ya plastiki yanayotumika majumbani waliandika mwaka 2003 kwamba utando na mashapo ya ndani ya chombo yanachangia kuharibu maji yanayochotwa humo. Hili linaeleza kitu ambacho maofisa wa maji wamekilalamikia kwa muda mrefu: maji yanapimwa kwenye bomba la mtaa yakakutwa mazuri, yanapimwa tena kesho yake ndani ya nyumba yakakutwa mabaya. Mikono ina lawama yake kubwa hapo. Dumu lina yake.

Kwa wale tunaoishi kwa mgao wa maji, kuna jambo la nyongeza. Bomba la mtaani nalo lina utando ndani. Maji yakikatika kwa siku mbili, bomba linakaa tupu au nusu tupu. Yakirudi, yanakuja kwa kishindo na kuubandua utando pamoja na kutu na tope. Mnayajua maji ya kwanza ya mgao yalivyo. Watu hukimbilia kuyakinga kwa sababu hawajui yatakatika saa ngapi, nami siwalaumu. Lakini ndoo ile ya kwanza ifulie, osha nayo sakafu. Ya kunywa kinga baadaye kidogo, yakishatulia.

Nimetaja kipindupindu. Nchini Tanzania mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 uliwapata watu zaidi ya 20,000 katika miezi iliyofuata, kwa hiyo si habari ya mbali. Bakteria wake anapokuwa katika maji ya mito na ya pwani hupenda kujenga utando juu ya magamba ya vidudu vidogo vya majini, vya jamii ya kamba, ambavyo jicho huviona kwa shida. Huko anapata chakula na makao. Zaidi ya hapo, akiwa ndani ya utando anavumilia tindikali ya tumbo kuliko akiwa peke yake, maana yake anafika utumboni akiwa na nguvu. Huko Bangladesh, Rita Colwell na wenzake waliutumia ujuzi huo kwa namna ambayo mimi naivulia kofia. Walisema, kama bakteria amepanda juu ya kidudu, tumnase kidudu. Kina mama wa vijijini wakafundishwa kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne. Sari kuukuu ni bora kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kufumuka na matundu yamezidi kuwa madogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: katika vijiji 65 vyenye watu wapatao 133,000, kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48 mahali walipotumia sari. Nani angefikiri kwamba nguo iliyochakaa ingefanya kazi hiyo! Tahadhari ni kwamba kitambaa hakiwezi kumnasa bakteria anayeelea peke yake. Baada ya kuchuja, maji yachemshwe au yatiwe dawa.

Jambo hili halikomei kwenye maji. Wauguzi wanaonisikiliza wanaujua utando kwa majina mengine. Mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo huanza kupata utando ndani ya mpira huo baada ya siku chache, na ukikaa mwezi mzima ni nadra usiwe na wakazi. Unaweza kumpa vidonge, homa ikashuka, na wiki ijayo ikarudi, kwa kuwa mpira haukubadilishwa. Na kile kidonda kisichopona, ambacho sisi huku tunakiita kidonda ndugu, mara nyingi kimefunikwa na utando. Watafiti wa Montana, Marekani, walivitazama kwa hadubini vidonda 50 vya muda mrefu wakakuta utando katika 30. Katika vidonda vipya 16 waliukuta katika kimoja tu. Hayo yalichapishwa mwaka 2008. Ndiyo maana muuguzi anayejua kazi hukikwangua na kukiosha kidonda cha namna hiyo kabla ya kuweka dawa, ingawa mgonjwa anapiga kelele. Kupaka dawa juu ya utando ni kumpaka mwenye nyumba dawa kupitia bati la paa.

Msikilizaji asije akadhani utando wote ni adui. Mwaka 1892 kipindupindu kiliuingia mji wa Hamburg, Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,600. Mji wa Altona ulikuwa umeshikana nao, nyumba kwa nyumba, na ulikuwa ukichota maji mto ule ule wa Elbe, tena upande wa chini, baada ya maji machafu ya Hamburg kuingia. Kwa mantiki ya kawaida Altona ndiyo ingeangamia. Haikuwa hivyo. Palikuwa na mahali ambapo mpaka wa miji ulipita barabarani, upande mmoja wanaugua, upande wa pili wamenusurika. Tofauti ilikuwa moja: Hamburg ilisambaza maji ya mto bila kuyachuja, Altona iliyapitisha polepole kwenye matangi ya mchanga. Koch alilichunguza jambo hilo, akasisitiza kwamba mlinzi mkuu ni tabaka la utelezi lililojijenga juu ya mchanga. Wajerumani wanaliita kwa neno lenye maana ya kifuniko cha uchafu. Ni utando uleule tunaouzungumzia, ila hapa umekaa mahali pake: unanasa na kula vijidudu vinavyopita. Wenye machujio ya mchanga ya nyumbani, mfano wa yale yanayotumika vijijini Kenya na kwingineko, wakumbuke basi kwamba chujio jipya linahitaji wiki kadhaa kabla utando haujakomaa, na kwamba asimwage mtu dawa ya klorini ndani ya chujio. Atakuwa ameua walinzi. Dawa itiwe kwenye maji yaliyokwisha kutoka.

Sasa yule msikilizaji wetu na dumu lake. Dawa anayotia huenda ni nzuri kabisa. Kinachokosekana ni kusugua kabla ya kutia. Bibi zetu wa pwani walikuwa wakimwaga maji ya mtungi, wakausugua, wakauacha ukauke, kisha wakaufukiza ubani kabla ya kuujaza tena. Ubani ulikuwa kwa ajili ya harufu na ladha. Kazi yenyewe ilifanywa na kusugua na kukausha. Dumu lina mdomo mwembamba, mkono hauingii, na hapo ndipo tulipopotezea desturi ile. Tia sabuni, maji kidogo, na konzi mbili za mchanga uliooshwa au vikokoto vidogo vya mviringo. Funga, tikisa kwa nguvu, geuza kila upande, hesabu hata mia mbili. Usitumie mawe makali, kwa sababu yanachora plastiki, na kila mchoro ni bonde la kujificha bakteria. Mwaga, suuza mpaka povu liishe. Kisha tia maji yenye dawa kali kuliko ya kunywa, kwa kufuata maelezo ya kusafishia vyombo yaliyoandikwa kwenye chupa, tikisa, acha nusu saa, mwaga yote, suuza tena. Hayo maji makali hayanywewi. Baada ya hapo ndipo ujaze na kutia kipimo chako cha kila siku. Ukifanya hivyo mara moja kwa juma, utando haupati nafasi ya kukomaa. Wenye madumu mawili wapokezane, moja likitumika lingine likae tupu limekauka.

Dumu lililochakaa, lenye michoro tele na doa la kijani lisilotoka, lihamie kwenye bustani ya mchicha. Ukinunua chombo kipya cha maji ya kunywa, tafuta chenye mdomo mpana wa kuingiza mkono na dodoki wakati wa kuosha, chenye kifuniko, na koki kwa chini ili mtu asichovye kikombe. Simtanki nalo lina sakafu, na sakafu hiyo ina tope. Lifunguliwe, likaushwe na kusuguliwa walau kabla ya mvua za masika na kabla ya vuli.

Na msisahau kifuniko. Watu husugua dumu likang'aa, wakalifunga kwa kifuniko chenye utelezi katika zile hesi za ndani, ambako kila tone la maji linapita likimiminwa. Mswaki wa zamani unatosha kwa kazi hiyo, ilimradi usirudi tena kwenye kikombe cha miswaki.